Taa za zamani za kupandisha na kushusha: shika uzani kwanza, kioo baadaye

Dada, umesema umenunua nyumba ya enzi za Wabelgiji kule mtaa wa Muhumba, na unataka juu ya meza ya kulia taa ya zamani, ile inayovutwa chini na kusukumwa juu. Umeuliza uchague ipi, na kama plafo, yaani dari, itaibeba. Wengi wamekujibu kuhusu rangi ya kioo na jinsi kinavyopendeza. Mimi nimeishi na taa hizi hapa Bukavu tangu 2006. Nimenunua nne, na mbili kati ya hizo nilizinunua vibaya. Naomba uanze kutazama mahali pengine kabisa: lile tunda la kauri linaloning'inia kwenye waya, kati ya dari na taa. Huo ndio uzani. Uzani ukiwa mbovu, hata kioo kiwe kizuri namna gani, umenunua pambo la kabatini.

Kapi, yaani gurudumu lenye mfereji ambamo waya hupita, na uzani vilitoka kwenye taa za mafuta. Kabla ya umeme, taa ya mezani ya Ulaya ilibidi ishushwe kila siku: ijazwe mafuta, utambi ukatwe, kioo kifutwe masizi, kisha irudishwe juu. Umeme ulipokuja kapi lilibaki, maana ampuli (balbu) za mwanzo zilikuwa hafifu, na mwenye kushona au mtoto mwenye daftari alihitaji kuusogeza mwanga karibu. Ndiyo maana sokoni utakutana na aina mbili. Kuna za mafuta zilizogeuzwa kuwa za umeme. Hizo zina minyororo 3, na bakuli la mafuta limetobolewa ili waya upite. Ni nzuri mno, lakini ni nzito, na kwa plafo zetu za triplex, mbao zile nyembamba za tabaka, sikushauri. Kuna pia zilizozaliwa na umeme, zenye waya mmoja, kapi moja na uzani wa kauri. Wauzaji wa Ulaya huziandika kwa Kifaransa « monte et baisse ». Tumia maneno hayo unapotafuta kwenye intaneti. Hiyo ndiyo ya kwako.

Sasa uelewe inavyofanya kazi, kwa sababu wauzaji wengi hawaelewi. Waya umefungwa darini. Unashuka, unapita chini ya gurudumu la uzani, unapanda tena hadi kwenye kapi la darini, halafu unashuka kwenye taa. Kwa hiyo uzani unashikwa na pande mbili za waya, taa inashikwa na upande mmoja. Matokeo yake: uzani lazima uwe karibu mara 2 ya taa yenyewe, ukihesabu kioo na ampuli yake. Taa yangu ya sasa ina kilo 1.2, uzani wake una kilo 2.4 hivi. Nikishusha taa sentimita 60, uzani unapanda 30. Na ndoano ya darini inabeba vyote viwili, yaani zaidi ya kilo 3.6. Mtu akikuambia "taa yenyewe ni nyepesi, kilo moja tu", zidisha mara 3 kabla ya kuitazama plafo.

Hili nilijifunza kwa uchungu. Taa yangu ya pili niliinunua Kadutu kwa dola 35, abajuri (kifuniko cha taa) ya kioo cheupe kama maziwa, ukingo umekunjwa kama pindo la gauni. Muuzaji alikuwa ameifunga katika magazeti, sikuifungua yote. Kufika nyumbani, uzani ni mtupu. Ndani ya tunda lile huwekwa chembe za risasi, ile metali nzito, na kuna kifuniko cha skrubu. Aliyeipitisha taa mikononi mwake alikuwa amezimwaga. Nikajaza mchanga mkavu wa ziwani. Jioni ilionekana imetulia, kwa sababu waya mpya ulikuwa mkavu na ulikwama kidogo kwenye kapi. Usiku ikashuka polepole. Asubuhi niliikuta imelala mezani, ukingo umemeguka kipande cha upana wa kidole gumba. Kioo kile sijapata kingine mpaka leo, na bado kinaniuma.

Mchanga ni mwepesi mno kuliko risasi, tunda lile haliwezi kutosha. Niliiondoa taa, nikaipeleka kwenye mizani ya muuza nyama, nikapima taa, nikapima uzani mtupu, halafu nikanunua kwa fundi wa magari goroli za chuma kutoka rulema (beringi) zilizokufa, za ukubwa tofauti ili ndogo zizibe nafasi kati ya kubwa. Ilitosha kwa shida, ila ilitosha. Tafadhali usikubali fundi akuyeyushie risasi ya betri za magari. Moshi na vumbi lake ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi.

Kwa hiyo ukiwa kwa muuzaji, fanya hivi hata kama atanung'unika: mtu mmoja apande kwenye kiti na kushika juu kikombe cha darini, kile kinachofunika ndoano, wewe uishushe taa na kuiacha. Uiache juu, katikati, na chini. Ikikaa palepale mara zote tatu, mazungumzo ya bei yaanze. Ikipanda au ikishuka yenyewe, fungua uzani umwonyeshe. Tazama pia mfereji wa kapi. Kapi la zamani la kauri lina mfereji uliolika kidogo, laini kama kokoto ya mtoni. Likiwa na ufa mkali litakata waya.

Waya. Hapa sina mzaha hata kidogo. Waya wa zamani una kitambaa cha pamba nje na mpira ndani. Mpira ule hukauka ukawa kama ganda la karanga. Ukikunja, unapukutika na shaba inabaki uchi. Na katika taa hizi waya huohuo ndio kamba: unabeba uzito na unapitisha kura, yaani umeme, tena unakunjwa kila siku kwenye kapi. Ubadilishe wote, bila kujali muuzaji anasema nini. Usiunge katikati, kiungo hakitapita kwenye kapi. Usikubali waya mgumu wa ndani ya ukuta ambao mafundi wetu wanao tele. Unatakiwa waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, wa milimita za mraba 0.75, umefunikwa kitambaa, mkato wa mviringo. Kwa dari ya mita 3.2 nilihitaji karibu mita 4. Wangu niliagiza kwa shemeji anayeishi Ubelgiji, uzito wake kwenye sanduku si kitu. Abajuri ikiwa ya chuma, dai waya wenye nyaya 3 ndani yake ili mmoja uende ardhini, na uhakikishe kwanza unapita kwenye mfereji wa kapi.

Duyi, yaani kishikio cha ampuli, likiwa la porselini na zima libaki. La bakeliti, plastiki ngumu ya zamani, pia ni zuri kama halina ufa wala alama ya kuungua. Bakeliti ni kazi ya Leo Baekeland, mtu wa Ghent, aliyeitengeneza Marekani mwaka 1907. Kila nikishika duyi lile jeusi nafikiri jinsi Mbelgiji huyo alivyoingia ndani ya nyumba zetu bila sisi kumjua jina.

Tuje kwenye plafo. Jumapili asubuhi ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipotupiga, nilikuwa nyumbani kwa mama mkwe. Chumba cha kulia kilikuwa na taa iliyofungwa na skrubu kwenye triplex. Ilianguka pamoja na kipande cha triplex. Salo (sebule) ilikuwa na nyingine, nzito zaidi, ndoano yake imepita triplex na kushikwa na boriti kwa nati. Ile iliyumba kama kengele ya kanisa, uzani ukagongana na abajuri, lakini ilibaki juu. Tangu siku hiyo sifungi kitu chochote kwenye triplex. Fundi apande juu ya dari, aweke ubao mnene kukatiza shevroni mbili (mbao za paa), ndoano ipite ubaoni na ifungwe kwa nati juu. Nyumba yako ikiwa na dari ya zege, kama baadhi ya zile za Muhumba, una bahati.

Kuna pia za miaka ya 1960 na 1970 zenye springi ndani ya kikombe cha darini, plastiki ya rangi ya chungwa au alumini. Ni nyepesi na zinafaa triplex, lakini springi ikichoka hakuna fundi niliyemwona akiirudisha. Nunua kama ni rahisi na inafanya kazi mbele ya macho yako.

Kuhusu umri: wakikuambia "ya 1920" na skrubu zake zina kichwa cha nyota, zimebadilishwa, maana skrubu hizo zilianza kuenea miaka ya 1930. Chukua sumaku ndogo pia. Shaba ya manjano haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinavutwa. Kioo kigonge kwa ukucha: kizima kinalia, chenye ufa kinasema kama chungu kilichopasuka.

Ampuli: duyi la E27 linakubali LED za wati 7 hadi 9, mwanga wa joto wa kelvini 2700, na taa yako haitaungua kama ilivyoungua na ampuli za wati 100. Lakini kama sisi wengi una pia zile za volti 12 za sola kwa ajili ya delestaji (umeme ukikatwa kwa zamu), zifunge uzi mwekundu shingoni. Kitako ni kilekile, na kura ya volti 220 itaiua kwa sekunde moja.

Abajuri iwe na upana wa nusu ya meza mpaka theluthi mbili, na ukingo wake ukae sentimita 60 hadi 75 juu ya ubao wa meza mnapokula. Watoto wakifanya kazi za shule, ishushe zaidi.

Umesema kuna moja umeiona karibu na soko la Nyawera. Usilipe kwanza. Weka picha hapa, lakini upige uzani kwa chini, penye kifuniko cha skrubu, na kapi kwa ubavu. Nikiziona hizo mbili nitakuambia.