Kusoma na kuhesabu kwa lugha mbili kabla ya darasa la kwanza: sisi nyumbani tunafanya hivi

Wazazi wenzangu wenye watoto wa miaka miwili mitatu wananiuliza sana hili swali, unamfundishaje kusoma na kuhesabu na kwa lugha gani, maana nyumbani ni Kiswahili, shule ni ingilishi midiamu, na bibi akija kutoka Moshi naye anataka mjukuu aitikie Kichaga. Mimi si mwalimu, ni mama tu mwenye mtoto na kaduka, ila hii ishu nimeihangaikia na msimamo ninao: kusoma anza na Kiswahili, Kiingereza kiingie kwa masikio kwanza, hesabu ifundishe kwa vitu na majina ya namba yaje kwa lugha zote mbili. Ngoja nieleze, we chukua kinachokufaa.

Kusoma kwanza. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, a ni a leo na kesho, u ni u ukiikuta popote. Kiingereza kina herufi 26 zinazobeba sauti kama 44 hivi, chukua hiyo a tu kwenye "cat", "cake" na "father" uone inavyogeuka geuka. Mtu mzima hauioni shida maana ulishazoea zamani, lakini mtoto wa miaka mitatu ukimpa zote mbili kwa mpigo anakwama palepale kwenye irabu: shule anaambiwa E inaitwa "ii", akirudi nyumbani anakuta "ii" ni ile I, halafu hiyo I kule shule inaitwa "ai". Sa we mwenyewe jiweke kwenye hiyo nafasi. Ndo maana kwetu majina ya herufi hatuyataji kabisa, tunataja sauti. M ni "mmm", S ni "sss", basi. Majina atayajua tu, kwanza ule wimbo wa ABC anausikia kila kona hata usipomfundisha.

Baada ya irabu tano tukaingia silabi, na hapa nina ugomvi kidogo na ule mtindo wa kuimba ba be bi bo bu, cha che chi cho chu. Kuimba sawa, raha tupu, ila mtoto anakariri mstari mzima bila hata kuangalia herufi. Jaribu leo: mwoneshe "bo" peke yake, uone kama hataanza kuimba ba be bi mpaka aifikie. Sisi tunakata maboksi ya biskuti tunapata vikadi, silabi moja kila kadi kwa maker peni, unachanganya, anaokota. Ukishakuwa na ku mbili tayari una kuku. Ba mbili ni baba. Ta na a ni taa. Ki na ti, ma na ji, me na za, halafu siku moja unaweka sa-bu-ni na anaisoma huku anakuangalia kama vile kakukamata unamficha kitu. Hiyo furaha jamani kwa Kiingereza ingechelewa sana kuja.

Angalizo kwenye chati za wanyama zile za kubandika ukutani. Nyingi zinaanza na ng'ombe, mbwa, mbuzi, nyani, twiga. Picha nzuri kweli, ila kwa anayeanza kusoma hayo ndiyo maneno magumu kuliko yote! Ng' yenye kiapostrofi, mbw konsonanti tatu zimebanana. Wapo wanyama rahisi kibao: paka, kuku, bata, fisi, kobe, popo, jogoo. Anza na hao, ng'ombe atasubiri. Pia hiyo m ya mwanzo kwenye mtoto, mti, mto, watoto wengi wanaisoma "ma" au "mu" kwa sababu wameshazoea kila konsonanti kuja na irabu yake. Usimkemee, mwambie afunge midomo avume "mmm" halafu aseme "to". Anaelewa haraka kuliko ukimweleza.

Kitu kingine kinachosaidia na hakina gharama ni daladala. Kama mnakaa Dar mnajua, kila gari lina majina ya vituo mbele, na mengi ni silabi safi kabisa: TEGETA, KIMARA, KAWE. Tukiwa kituoni tunasoma, gari likija lingine tunasoma tena, na abiria wengine wanaanza kumsaidia (kuna mmama aliwahi kutaka kumfundisha GONGO LA MBOTO, nikamwambia mama hiyo mwachie kaka yake). Shida yake moja, pale kituoni maandishi ni herufi kubwa wakati vikadi tunaandika ndogo, kwa hiyo upande wa pili wa kadi naandika ileile kwa herufi kubwa. Hapo imeisha.

Sasa Kiingereza. Kwenye hili la masikio kwanza watu wananipinga, wanasema shule inamsubiri na intavyuu ya nasari wanauliza rangi kwa Kiingereza. Najua. Nimeona mzazi kapiga marufuku Kiswahili ndani ya nyumba kwa ajili ya hiyo intavyuu, na Kiingereza cha mzazi mwenyewe ni cha kuombea maji, matokeo yake mtoto anaambiwa "kamu hia, siti dauni" toka asubuhi mpaka jioni, hakuna stori, hakuna utani, hakuna vitendawili, anabaki na lugha ya amri tu. Mimi naona hiyo ni hasara mbili. Ongea na mtoto lugha unayoweza kuitumia kumsimulia, kumbembeleza na kumjibu yale maswali yake ya kwa nini yasiyoisha. Msamiati na akili ya kuelewa stori anavyopata kwa Kiswahili ndivyo atakavyobeba kwenda navyo kwenye Kiingereza. UNESCO wenyewe wanasema tangu 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha anayoielewa, si maneno ya mama mwenye duka tu.

Ila haimaanishi Kiingereza kikae nje. Tumekipa muda wake maalumu, kuoga na kitabu cha usiku. Kwenye beseni ni Kiingereza: mikono, miguu, masikio, maji ya moto, maji ya baridi, vikombe vitatu vya kumwagia kichwani. Maneno ni yaleyale kila siku, yanazama bila kufundishwa. Kitabu cha usiku baba yake ndo anasoma maana Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, nami sioni aibu kusema. Mtoto akijibu kwa Kiswahili tunaendelea, akichanganya "nataka water" tunampa maji. Kuchanganya si ugonjwa, watoto wa lugha mbili wanachanganya na baadaye wanapangua wenyewe.

Hapohapo niseme kitu cha maana. Kuna watu wanasema lugha mbili zinachelewesha mtoto kuongea. Si kweli, na hatari yake ni kwamba mtu anakaa anasubiri akijua ni lugha zinamchanganya kumbe mtoto hasikii vizuri. Kama kafika miaka miwili hajaunganisha hata maneno mawili kama "mama njoo" au "baba kaenda", hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja, na kama bado ni hivyo mpeleke hospitali wampime masikio. Usisubiri.

Haya, hesabu. Mtoto kuhesabu mpaka kumi kwa wageni wakampigia makofi, huo ni wimbo, bado hajahesabu kitu. Kipimo ni hiki: weka viazi mezani umwambie "nipe vitatu". Wengi wanaoimba mpaka kumi, hata mpaka ishirini, wanakomba tu mkononi wanakupa lundo. Ni kawaida, mtoto anaielewa moja, miezi inapita, ndo inakuja mbili, kisha tatu, na akishaielewa nne vizuri zinazofuata zinakuja zenyewe. Kwa hiyo msikimbilie mia. Sisi mbili imekaa muda mrefu sana: viatu viwili, macho mawili, sahani mbili, mkate vipande viwili, kimoja chako kimoja cha dada. Kugawana ndo hesabu yenyewe, mezani mpe kazi ya kuweka vijiko, kila mtu kimoja, akipungukiwa atakwambia mwenyewe.

Halafu usimpe maharage wala vizibo vya soda ahesabu peke yake kama hajafika miaka mitatu. Maharage yanapenda sana pua, vizibo vinapenda koo. Viazi, malapa, vikombe vya plastiki vinatosha.

Mtaona nimeandika viwili, mawili, mbili. Ndiyo, Kiswahili kinabadilisha namba kufuata kitu na mtoto atasema "vijiko mbili" kwa muda. Mwitikie tu "eeh, vijiko viwili" na maisha yaendelee. Sita, saba, tisa na kumi zenyewe hazibadiliki, afadhali.

Utamu upo kwenye majina ya namba, maana kila lugha ina pale inapomsaidia mtoto. Toka 11 mpaka 19 Kiswahili ni mteremko: kumi na moja, kumi na mbili, unaona kumi ipo pale na mbili juu yake. Kiingereza "eleven" na "twelve" havikuambii kitu, halafu "thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty" vinafanana mpaka wakubwa wanasikia vibaya kwenye simu. Kichina nacho kinasema kumi-moja, kumi-mbili, na watafiti waliowalinganisha watoto wa China na wa Marekani waliona mpaka kumi wanakwenda sawa, Wamarekani wanaanza kuteleza baada ya hapo. Kwa hiyo kumi na kitu mfundishe kwa Kiswahili, vidole kumi vya kwake, na kidole kimoja cha kwako. Lakini ukifika kwenye makumi kibao kinageuka. Ishirini haina mbili ndani yake, arobaini haina nne, themanini ndo usiseme, zile zilitoka kwenye Kiarabu, ni sitini, sabini na tisini tu zinazofanana na wadogo zao sita, saba na tisa. Kiingereza kinasema "forty" unaisikia "four", "eighty" unaisikia "eight". Basi makumi tunayaimba kwa Kiingereza, tukipanda ngazi. Sijaona anayefundisha hivi ila kwetu imekubali, binti yangu akikwama kwenye themanini anapita njia ya "eighty" anarudi.

Muda? Dakika tano, kumi zikizidi. Akikimbia mwache akimbie. Simu na TV, WHO mwaka 2019 walisema mtoto wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndo bora, na hata katuni ya kuhesabu ni skrini. Kaa naye, rudia wanachosema, uliza. Homuweki ya kujaza ukurasa mzima wa herufi a kwa mtoto wa bebi klasi sisi hatujazi, vidole bado havina nguvu ya kushika penseli muda wote huo, nilizungumza na madam kwa upole akanielewa, anachora mstari mmoja, nyingine anaandika kwa kidole kwenye unga nikiwa nasukuma chapati.

Jambo la mwisho ambalo sigusi kabisa kwa umri huu ni saa. Mishale inaonesha 7, sisi tunasema saa moja asubuhi, shule wanasema "seven o'clock", na wote tuko sahihi. Hiyo ni ya darasa la pili huko, akiwa anajua kutoa sita.