Nimeandika 4, seva inasoma 2

SUALI: Asalaam aleikum. Nafanya kazi ya IT kwenye kampuni ya mahoteli, seva nyengine ziko Nungwi nyengine huku Pemba, zote naziendesha kwa Ansible (programu ya kusimamia mashine nyingi kwa pamoja). Kuna roli (fungu la kazi zilizopangwa tayari) ya bekapu niliikuta, kaiandika aliyekuwepo kabla yangu, inaanza saa 2 kwa saa za mashine yaani saa nane za usiku. Za Pemba nataka zianze saa 4 za mashine, basi kwenye faili la kundi la Pemba, group_vars/pemba.yml, nikaandika saa_ya_bekapu: 4, nikaendesha plebuku (faili la maagizo ya Ansible), kijani tupu hakuna kosa, lakini kroni (ratiba ya kazi za mashine) bado ni 2! Nikitia -e saa_ya_bekapu=4 kwenye amri yenyewe inakubali. Sasa ndo niwe natia -e kila mara? Na seva moja ipo kundi la pemba na pia la hoteli, lipi linashinda?
Msomaji, Chake Chake

JAWABU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo -e usiizoee, ntakwambia kwa nini. Kwanza fungua folda ya hiyo roli uangalie vars/main.yml, kwa dalili hizi ntashangaa usipoikuta saa_ya_bekapu: 2 imekaa humo.

Ansible ina ngazi 22 za kuamua thamani ipi ishike pale variabo (jina linalobeba thamani, kama saa_ya_bekapu) moja inapoandikwa pahala pengi, na wala huna haja ya kuzihifadhi zote. Variabo dhaifu kuliko zote ni za defaults za roli (thamani za kuanzia), juu yake all (kundi la mashine zote), halafu kundi, halafu mashine yenyewe kwenye host_vars. Yaani kinyume na serikalini, huku sheha anamshinda mkuu wa mkoa. Wengi wanaelewa mpaka hapo tu, hawajui kuwa vars za plebuku zinaipita host_vars, na vars/main.yml ya roli inazipita hizo tena, kwa hiyo hata ungeandika 4 kwenye host_vars ya kila mashine ya Pemba moja moja ungepata 2 ile ile.

Ukiikuta, ikate hiyo line uipachike defaults/main.yml, basi. Nungwi watabaki na 2, Pemba 4. Kwa maoni yangu vars ya roli isitiwe kitu chochote ambacho mtu anaweza kutaka kukibadilisha, iachiwe vitu kama jina la paketi au njia ya faili ambavyo ukivigusa roli inakufa.

Sasa -e. Hiyo haishindwi na kitu na ndo ubaya wake, maana haiandikwi popote, ukienda likizo ya Idi mwenzio akaendesha plebuku bila ya -e Pemba yote inarudi 2 na hakuna anaejua, na wewe mwenyewe ukisahau --limit (ya kuchagua mashine zipi ziguswe) na Nungwi nao wanahamia 4. Tena ukiandika kwa mtindo wa jina=thamani kila kitu kinaingia kama maandishi, hata false, utaona vituko kwenye masharti. Ukilazimika, andika kwa JSON, muundo unaotenganisha namba, maandishi na true/false.

Kuhakikisha, piga ansible-inventory --host na jina la seva. Hiyo inaona inventori (orodha ya mashine na makundi yake) tu, ya ndani ya roli haiyaoni, kwa hiyo ikikuonesha 4 jua kundi lako halina kosa, mkosaji yuko ngazi za juu yake. Halafu tia taski ya debug (ya kuonesha thamani) ndani ya roli uone kinachofika kweli.

Kuhusu makundi mawili, yakiwa ngazi sawa yanasomwa kwa alfabeti na la mwisho ndo linashinda, pemba linalipiku hoteli kwa herufi tu! Siku mkubwa akiamua liitwe chakechake, hoteli itashinda bila ya mtu kugusa thamani hata moja. Kama seva zote za Pemba ni za hoteli basi lifanye pemba mtoto wa hoteli, mtoto anamshinda mzazi jina liwe lolote. Vyenginevo ipo ansible_group_priority, ya kupanga kundi lipi lishinde, lakini iandike kwenye inventori yenyewe, ukiitia group_vars haifanyi kazi.