Lori likirudi nyuma, nasi tukipita hapo hapo

SWALI: Mhariri, mimi ni karani katika ghala moja la vyakula hapa Eneo la Viwanda. Lango letu ni moja tu, la malori na la wafanyakazi, na kila asubuhi tunajipenyeza kati ya ukuta na trela linalorudi nyuma. Juma lililopita mwenzetu aliponea chupuchupu. Tulipolalamika, msimamizi alitugawia vizibao vya kuakisi mwanga, akatuambia tuwe macho. Je, hayo yanatosha?

JIBU: Ndugu Karani, hayatoshi. Kizibao humsaidia dereva kumwona mtu aliye mahali ambapo kioo chake kinafika, lakini moja kwa moja nyuma ya trela hakuna kioo cha pembeni kinachofika, na kwa kuwa usukani wa magari yetu uko kulia, mtu aliye karibu na ubavu wa kushoto wa lori anaweza asionekane kabisa hata avae rangi ya kuwaka namna gani. King'ora cha kurudi nyuma nacho, malori matatu yakilia asubuhi nzima, masikio huzoea.

Kinachotakiwa ni kuwatenga watu na magari. Ikiwa mlango wa pili hauwezekani, njia ya miguu izungushiwe vizuizi vya chuma (mstari wa rangi hufunikwa na matope mvua zinapoanza), au malori yasubiri nje hadi zamu imalize kuingia. Anayemwelekeza dereva awe utingo mmoja, wala si watu watatu wanaopiga kelele na kugonga bodi, na dereva asipomwona kiooni asimame papo hapo. Ninapowahofia zaidi ni kwenye jukwaa la kupakulia: asiingie mtu kati ya jukwaa na lori kabla injini haijazimwa, breki haijavutwa na magurudumu hayajawekewa kabari, kwani lori lenye shehena likisogea hatua moja tu linambana mtu.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Inamtaka pia mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, kwa hiyo asiwaambie kwamba mnachochea. Andikeni barua mkieleza tukio la juma lililopita na tarehe yake, mbaki na nakala, na akiipuuza, ipelekeni kwa afisa wa serikali wa usalama kazini.