Bati linachoma: anza na paa, feni baadaye

Ndugu, umeuliza kama ununue feni ya pili kupunguza joto kwenye nyumba yako ya vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam. Kwa bati tupu bila dari, feni hiyo itazungusha joto lilelile. Sugua kutu na vumbi, osha, acha bati likauke, kisha upake rangi nyeupe ya mabati, mara mbili. Ukiruka kusugua, itabanduka. Halafu piga dari, ila mwambie fundi aache matundu kwenye pembetatu za ukuta chini ya paa, pande zote mbili, yenye wavu wa mbu. Wengi huziba kabisa (eti popo!), joto likabaki juu ya dari. Kwa dirisha la magharibi, usitegemee upenu kulikinga: jua la jioni hupita chini yake. Ning'iniza makuti nje ya dirisha. Pazia la ndani limeshachelewa, joto limeshaingia.