Mvinyo mtamu wa Kiitaliano kwa tiramisu na keki ya chokoleti: tazama kwanza kilichomo kwenye sahani

Dada, umeuliza ununue mvinyo gani mtamu wa Kiitaliano kwa wageni wako wanane wa Jumamosi, watakaomalizia na tiramisu (kitindamlo cha Kiitaliano cha kahawa, kakao na krimu ya jibini) na keki ya chokoleti. Umesema pia muuzaji amekushikilia uchukue Vin Santo kwa sababu ndiyo ghali, kwa hiyo inakwenda na kila kitu. Mimi ni mhudumu wa mezani hapa Verona, na kila usiku nashauri watu wanywe nini baada ya chakula. Hiyo Vin Santo iache dukani. Ni mvinyo mzuri sana, ila kwa vitindamlo vyako haitafaa.

La kwanza kabisa, mvinyo uwe mtamu kuliko kitindamlo. Jaribu mwenyewe: onja mvinyo, kisha kula kipande cha keki, halafu piga funda la pili. Keki ikiuzidi utamu, mvinyo uleule uliokuwa laini utausikia mchachu na mwepesi kama umetiwa maji. Kwa hiyo soma lebo. Secco hauna utamu, abboccato una utamu wa mbali, amabile ni mtamu zaidi kidogo, dolce ndio mtamu hasa, unaoutafuta. Hata Vin Santo zipo za secco, na muuzaji asiyejua anaweza kukupa hiyo bila kukuambia.

Vin Santo ni ya Toscana, katikati ya Italia. Zabibu za Trebbiano na Malvasia hutundikwa au kulazwa kwenye mikeka hadi zinyauke, maji yake hukamuliwa na kufungiwa kwenye vipipa vidogo chini ya paa, kwenye joto la kiangazi na baridi ya kipupwe, miaka 3 au zaidi. Inanukia lozi na maganda ya chungwa yaliyokaushwa. Wenyewe huinywa na cantucci, zile biskuti ngumu za lozi, na wengi huzichovya humohumo kwenye glasi. Watengenezaji wa chupa za bei kubwa hawapendi kabisa. Kwangu mimi chupa ya kawaida chovya tu, ila iliyokaa pipani miaka mingi inywe yenyewe, makombo yanaiharibia harufu. Ukiiweka mbele ya kahawa na kakao ya tiramisu, hiyo harufu ya lozi huisikii tena.

Kwenye keki ya chokoleti, nenda Recioto della Valpolicella. Natokea huku inakotengenezwa, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha. Zabibu nyeusi, hasa Corvina, huchumwa Septemba hivi na kupangwa kwenye trei ndani ya maghala yenye madirisha makubwa, upepo upite. Ukiingia humo Desemba unakuta ngozi zimekunjamana, na harufu imeshakuwa ya zabibu kavu na cheri zilizopikwa. Zikifika Januari hivi, maji mengi yamekwisha na sukari imebaki. Hapo ndipo zinakamuliwa, na uchachukaji husimama kabla sukari yote haijawa kilevi. Ukiendelea hadi sukari iishe unapata Amarone, maarufu zaidi, lakini usije ukaichanganya na Recioto dukani: kwa keki, Amarone haifai. Recioto ina utamu, halafu ina ule ukakasi wa mvinyo mwekundu unaofuta mafuta ya chokoleti mdomoni. Mvinyo mweupe mtamu hauna ukakasi huo, ndiyo maana mara nyingi unazidiwa na chokoleti nyeusi.

Tiramisu ni ngumu zaidi, kwa sababu uchungu wa kahawa unaua mivinyo mingi. Jibu langu ni Marsala dolce, kutoka Sicilia. Mfanyabiashara Mwingereza, John Woodhouse, ndiye aliyeanza kuisafirisha kwenda kwao mwaka 1773, akaiongezea pombe kali ili isiharibike baharini, na hadi leo ina kilevi cha asilimia 17 au 18. Wapishi wengi huitia ndani ya tiramisu yenyewe, kwa hiyo glasi na sahani zinaelewana bila shida. Tafuta iliyoandikwa Superiore, yaani iliyokaa pipani angalau miaka miwili, na Dolce. Zile zilizotiwa yai au ladha nyingine ziache kwa jikoni.

Wengi watakutajia Moscato d'Asti. Ni tamu, ina mapovu kidogo na kilevi kama asilimia 5, nami naipenda mno na matunda, keki nyepesi au panettone, ule mkate mtamu wa Krismasi wa Kiitaliano. Inywe ikiwa changa na baridi sana. Kwenye vitindamlo vyako itapotea, lakini kuwapokelea wageni mlangoni inafaa sana. Passito di Pantelleria, ya kile kisiwa kati ya Sicilia na Tunisia, huendana na tende, lozi na jibini kali yenye ukungu. Siku ukiandaa hivyo, itafute.

Kiasi: mvinyo wa namna hii humiminwa kidogo, mililita 50 au 60 kwa mtu, kwenye glasi ndogo. Recioto nyingi zinauzwa katika chupa za nusu lita, zinawatosha watu wanane. Iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuimimina, kwa joto la Dar itakushukuru. Marsala nayo ipozwe kidogo. Ikibaki, ifunge vizuri uirudishe kwenye friji, hudumu wiki kadhaa.

Kama fedha inatosha chupa moja tu, chukua Marsala Superiore Dolce, maana inabeba tiramisu na keki pia. Na ukifikiria kuongeza aiskrimu pembeni, usifanye, ubaridi unaganzisha ulimi na hakuna mvinyo utakaosikika baada ya hapo.