Mgonjwa wa kuigiza anafaa, mradi aongee kama wagonjwa wetu

Umeuliza kama mazoezi ya mgonjwa wa kuigiza, yaani mtu aliyefunzwa kujifanya mgonjwa ili mwanafunzi amhoji, yana faida kwa wanafunzi wa udaktari wa Tanzania, ambao husoma kwa Kiingereza na kuhudumia watu kwa Kiswahili. Yana faida. Njia hiyo aliianzisha daktari Howard Barrows huko Marekani mwaka 1963, na mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, akaeleza mtihani wa vituo, ambamo kila mwanafunzi hupita kituo kimoja baada ya kingine na kupimwa kwa vigezo vilevile.

Tatizo ni lugha ya mwigizaji. Mwanafunzi anaweza kukariri istilahi ya maumivu ya kifua yanayozidi mtu anapovuta pumzi, kisha akababaika mama anapomwambia tu, "Daktari, nina kichomi." Maelekezo ya dawa ndiyo magumu zaidi: ukisema "kidonge kimoja kila saa nane," mmoja ataelewa kuwa ni kila zikipita saa nane, mwingine ataisubiri saa nane mchana na kumeza kimoja kwa siku. Kuuliza "umeelewa?" hakusaidii, maana wengi hujibu "ndiyo, daktari" kwa heshima tu. Afadhali mwanafunzi azoezwe kusema, "Mama, hebu nieleze, ukifika nyumbani utazimezaje dawa hizi?" kisha anyamaze asikilize, na mkufunzi atoe alama kwa kile ambacho mgonjwa ameweza kukieleza, si kwa ufasaha wa mwanafunzi.