Maswali ya Wasomaji: RNA ya Vimelea vya Malale

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili, na kimelea changu ni Trypanosoma brucei wa hatua ya damu. Natumia aktinomaisini D, dawa ya kuzuia jeni kunakiliwa, kupima mRNA ya jeni yangu (nakala inayotumika kutengeneza protini) inadumu muda gani. Dakika 20 za mwanzo haipungui hata kidogo, halafu inaporomoka. Mwenzangu ananishauri niachane na vipimo hivi nitafute promota ya jeni hiyo, yaani kipande cha DNA kinachoanzisha kunakiliwa kwake. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize, ndugu. Kwa tripanosoma, jeni nyingi hazina promota ya peke yake. Makumi hadi mamia ya jeni hunakiliwa kwa mkupuo mmoja, kisha uzi huo mrefu hukatwakatwa. Kila kipande hubandikwa mwanzoni nukleotidi 39 zilezile, na mwishoni mkia wa adenini. Ndiyo maana jeni mbili zilizopakana, zilizonakiliwa sawasawa, huweza kupishana mno kwa wingi wa mRNA. Tofauti hutokana zaidi na kasi ya kuvunjwa, na kasi hiyo huamuliwa na protini zinazoshika sehemu ya mwisho ya mRNA isiyotafsiriwa kuwa protini. Nguvu ya protini hizo si ndogo: mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba kuongeza protini moja tu ya aina hiyo, RBP6, kunatosha kuzifanya seli za hatua ya utumbo wa mbung'o zikue maabara hadi hatua ya kuambukiza. Kipimo chako kinagusa kiini cha jambo.

Sasa zile dakika 20. Aktinomaisini inazuia kunakili, haizuii ule ukataji wa uzi mrefu. Nyuzi zilizokwisha nakiliwa zinaendelea kutoa mRNA mpya na kuziba pengo la zinazovunjika. Anza na sinefungini, dawa inayozuia ukataji huo, mikrogramu 2 kwa mililita, subiri dakika 5, ndipo utie aktinomaisini, mikrogramu 10 kwa mililita. Sampuli ya sifuri ichukue wakati uleule wa kutia aktinomaisini. Fuata na dakika ya 15, 30, 60 na 120, uishie hapo, kwa sababu baadaye seli zinadhoofika na unaanza kupima kufa kwake. Bado ikisitasita kidogo mwanzoni, usishangae: mkia hufupishwa kwanza, mwili wa mRNA huvunjwa baadaye.

Kwa sababu hiyohiyo, kama unatengeneza cDNA (nakala ya DNA ya kupimia mRNA) kwa praima za oligo-dT, vipande vifupi vya kuanzishia unakili huo, acha leo. Hizo hushika mkia, kwa hiyo utapata kasi ya kupotea kwa mkia na kuidhania ni kasi ya kuvunjwa kwa mRNA. Tumia praima za nasibu, zinazoshika popote, na ulinganishe na rRNA ya 18S, RNA ya ribosomu ambayo hudumu. Usilinganishe na mRNA nyingine, maana zote zinashuka pamoja. Seli zenyewe ziwe chini ya milioni 1 kwa mililita. Zikisongamana, tabia ya jeni zake inabadilika kabla hujagusa dawa.

SWALI: Nikizima jeni kwa RNAi, mbinu ya kuifanya seli ivunje mRNA ya jeni hiyo, ukuaji unapungua siku ya pili, lakini siku ya tano seli zinakua kama kawaida. Je, jeni hiyo haina umuhimu?

JIBU: Huenda ina umuhimu mkubwa sana. Seli chache hupoteza uwezo wa RNAi, na kwa kuwa hizo hazidhuriki, huwapita wenzao na kujaza chombo. Pima mRNA saa ya 24 na ya 48, kisha siku ya tano. Ikiwa imerudi, jibu umelipata. Gandisha akiba ya seli mapema, na kila jaribio lianzie kwenye akiba hiyo. Seramu ya kukuzia seli nayo iwe isiyo na tetrasaiklini, dawa inayotumika kuiwasha RNAi. Ikiwa nayo, RNAi huanza kabla hujaiwasha, na seli zilizopoteza uwezo wa RNAi hutawala kimyakimya.

SWALI: RNA yangu inaonyesha mistari mitatu mikubwa kwenye jeli badala ya miwili, na mashine ya kupima ubora wa RNA imeipa alama ya chini. Niitupe?

JIBU: Hapana. Mistari hiyo ni rRNA, na rRNA kubwa ya tripanosoma huwa imegawanyika vipande kwa asili yake, na mashine hupima kwa kipimo cha wanyama. Tilia shaka pale mistari inapofifia na ukungu kutanda chini yake.

SWALI: Naweza kutumia RNAi hiyohiyo kwa Leishmania, vimelea ndugu wa tripanosoma?

JIBU: Kwa L. braziliensis, ndiyo. L. major na L. donovani hawana mitambo yake, sawa na Plasmodium wa malaria. Kwa hao futa jeni kwa CRISPR, mbinu ya kukata DNA mahali unapotaka.